Faili Nilizozidhania Virusi

Juma hili nayaacha mambo ya jikoni nipate kuungama kosa nililolitenda mwenyewe sebuleni kwangu, hapa Kampala.

Kijana wangu alirudi kutoka Wandegeya, alikokwenda kuchapisha karatasi zake, na flashi yake imechafuka: kila folda imegeuka njia ya mkato. Usiku nikaifungua kompyuta ya nyumbani, nikaingia katika folda iitwayo System32, nikakuta faili tele zenye majina yasiyosomeka. Nikaamini kuwa ndizo virusi. Mashine ilinikataza mara mbili. Nami, kwa ukaidi wa mtu aliyezoea kutia sahihi, nikajipa ruhusa ya msimamizi na kuzifuta kabisa, bila hata kuzipitisha katika kapu la taka. Asubuhi kompyuta haikuamka. Kumbe zilikuwa faili za mfumo endeshi, yaani zile ziiamshazo mashine na kuiongoza.

Si mimi wa kwanza. Mwaka 2001 barua pepe zilienea duniani zikiwahimiza watu waifute faili ya sulfnbk.exe, mwaka 2002 zikafuata nyingine juu ya jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu mdogo. Zote mbili zilikuwa faili halali za Windows. Watu walizitafuta, wakazikuta kweli, na kule kuzikuta ndiko kulikowasadikisha. Barua yenyewe ndiyo iliyoambukiza, na mwenye kompyuta akaifanya kazi ya virusi kwa mkono wake.

Kilichonitoa jasho si mashine. Ndani yake zilikuwamo picha za arusi yetu, na karatasi za madai ya kiinua mgongo cha baba mkwe, askari mstaafu, nilizozipiga chapa kwa majuma matatu. Fundi wa kwanza alisema, "Tupige fomati, mzee, saa moja tu." Nilikuwa karibu kukubali. Mke wangu akauliza, "Na karatasi za baba je, Baba Sarah?"

Fomati ingezifuta. Lakini kupotea kwa faili za mfumo hakuzipotezi nyaraka zako. Zingali zimelala ndani ya diski, ila hakuna wa kukufungulia mlango. Fundi wa pili aliitoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine kama flashi kubwa, akanakili kila kitu, ndipo akaiweka Windows upya. (Diski iliyofungwa kwa siri hudai ufunguo wake kwanza.) Gharama siitaji, mke wangu husoma ukurasa huu.

Ikiwa mashine yako ingali yaamka, kazi ni nyepesi. Tazama katika kapu la taka, uzirudishe. Zisipokuwamo, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike sfc /scannow, nayo Windows itazikagua faili zake na kuzirudisha zilizopotea au kuharibika.

Na ile flashi? Hiyo ilikuwa na virusi kweli. Karatasi za kijana zilikuwamo zote, zimefichwa tu. Programu ya kukinga virusi iliisafisha, fundi akaziondolea uficho, tukarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.