*TAMKO LA TAWI: MSITU UNAISHIA JIKONI KWETU*



Mwishoni mwa 2022 mvua zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua na mgao wa maji ukaanza. Kibaha na Kisarawe tulibeba ndoo kama wenzetu wa Dar es Salaam. Siku zile kila mmoja alielewa kuwa bomba lina mwisho wake, na mwisho huo ni mto unaotoka milima ya Uluguru. Mvua iliporudi, tukasahau.

Leo tunasema juu ya kitu kingine chenye mwisho: msitu. Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu Kusini ni hifadhi, lakini kwa miaka mingi zimekatwa kwa ajili ya mkaa. Ni rahisi kumlaumu mchoma mkaa. Yeye anawasha tanuri kwa sababu anajua gunia litanunuliwa, na wanunuzi ni sisi na jirani zetu wa mjini. Tena wapo kati yetu wanaosomesha watoto kwa biashara hiyo. Tamko hili haliwatukani.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Tunauunga mkono. Ila tuseme ukweli: mkaa unapimwa kwa kopo, mtungi wa gesi kwa kawaida haupimwi hivyo. Gesi ikiisha katikati ya mwezi, mama anarudi kwenye kopo.

Kwa hiyo msimamo wa tawi ni huu:

1. Kuanzia kikao kijacho, shughuli za tawi hazitapikiwa mkaa wala kuni. Tutachangia gesi, na chakula kitapikwa kwa idadi ya waliothibitisha. Wali tunaomwaga nao umekula moto.

2. Nyumbani, tuloweke maharage usiku, tufunike sufuria na tuzime mkaa unaobaki ili utumike kesho.

3. Wanachama walio kwenye halmashauri za vijiji waipeleke hoja ya msitu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake, kuisimamia na kunufaika nayo. Mchoma mkaa apewe nafasi ya kwanza kwenye ulinzi wa msitu na mizinga ya nyuki, asiachwe na faini tu.

4. Tutadai gesi iuzwe kwa kipimo ambacho mtu wa kipato cha siku anakimudu.

Tumeufanya msitu kuwa stoo. Stoo inayotolewa kila siku bila kujazwa huisha, na siku ikiisha hakuna gari la kutuletea msitu mwingine.

Mwenye hoja tofauti aje nayo kikaoni. Tunataka kusikia hasa wanaoishi kwa mkaa.

*Uongozi wa Tawi*