Twendeni Ras Kasone, Tukawataje Waliobeba

Ndugu zangu wa Tanga, na ninyi mnaopita Tanga mkienda Pangani au mkivuka mpaka kuelekea Mombasa, nawaombeni nusu siku tu. Siombi siku nzima, maana kila mtu ana shughuli zake, na mji wetu wenyewe ndio wa "waja leo, waondoka leo". Ukitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana umekwisha kurudi. Katika saa hizo utakuwa umekanyaga ufukwe walioshukia askari wapatao 8,000 wa jeshi la Waingereza mwezi Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, umefuata njia waliyoifuata kuingia mjini, na umesimama penye makaburi. Na ikiwa aliyekuongoza ni mtu mkweli, utarudi na swali ambalo mawe ya pale hayalijibu.

Anzeni Ras Kasone, na msiende maji yakiwa yamejaa. Ngojeni yapwe, ndipo mtakapoona kitu ambacho picha za vitabuni hazikionyeshi, nacho ni tope. Mikoko imesimama juu ya mizizi yake, na chini yake ni tope jeusi lenye harufu ya chumvi na majani yaliyooza. Nilikuwa pale siku moja na vijana wa shule, wengi wao wamevaa raba nyeupe. Nikawaambia wavue, wapite mikokoni hatua hamsini tu. Mmoja wao alizama hadi nusu ya muundi, akacheka; akajaribu kuung'oa mguu, akaacha kucheka. Nikamwambia, sasa fikiri ni usiku, nchi hii hujapata kuiona, umekaa melini wiki mbili na zaidi ukitapika, na mgongoni una bunduki na risasi zako.

Ndivyo walivyoshuka askari wa India. Meli zao ziliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba 1914, mkuu wao akiwa Meja Jenerali Arthur Aitken. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilitokea mbele ya bandari yetu, na nahodha wake, Francis Caulfeild, akamtaka mkuu wa wilaya wa Kijerumani autoe mji. Akampa saa moja. Saa ikapita, na nyingine zikapita. Waingereza wakaingia kazi ya kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwapo, na huku nyuma reli ya Usambara inashusha askari kutoka Moshi. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alifika usiku wa kuamkia tarehe 4. Alipanda baiskeli, akapita katika mji uliohamwa, akasogea hadi akaziona meli za adui zimewaka taa, akasikia na kelele za watu wakishusha mizigo. Alikuwa na watu 1,000 hivi. Kulipokucha alikwisha kujua wapi pa kuwaweka.

Tokeni ufukweni mwende kwa miguu. Msipande gari, nawasihi. Jua la Novemba ni mwalimu mzuri, na mkipita na gari hamtaelewa kwa nini watu wazima, askari wa kazi, walianguka kwa kiu kabla hawajapigwa risasi. Wakati ule sehemu hii ilikuwa mashamba na vichaka, mtu haoni mbele yake. Fikeni hadi kwenye handaki la reli, ukingoni mwa mji, maana hapo ndipo vita vilipokuwa vikali mchana wa tarehe 4. Askari wa Kashmir na baadhi ya Waingereza walipenya wakaingia mjini hasa, wakafika hadi hoteli ya Wajerumani. Upande mwingine wa mstari wao askari weusi wa Mjerumani waliwapiga ubavuni, mstari ukakatika, na usiku ule amri ikatoka ya kurudi melini. Tarehe 5 walipanda vyombo vyao wakaondoka. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 800, waliokufa na waliojeruhiwa pamoja. Waliokufa upande wa Wajerumani hawakufika 100. Hayo yalitokea miezi mitano na zaidi kabla ya Gallipoli, na takriban miaka 30 kabla ya ule ushukaji wa Normandy ambao dunia nzima inaujua.

Hapa sina budi kusema jambo kuhusu nyuki. Ni kweli nyuki walikuwapo. Lugha yetu inauita mzinga wa nyuki na mzinga wa vita kwa jina moja, na siku ile mizinga ya aina zote mbili ilikuwa kazini. Ile ya nyuki ilitundikwa mitini, kama mnavyoiona hadi leo mashambani mwetu. Risasi zikaipasua, nyuki wakatoka wakawauma Waingereza na Wajerumani bila kubagua. Lakini waongozaji wetu wengi huanza na nyuki na kumaliza na nyuki. Mgeni anacheka, anatoa bahashishi, anakwenda zake. Mimi nasema si haki. Mamia ya watu walikufa pale, wengine wakiwa na miaka ishirini au hata haijatimia, na mambo yaliyofuata yaliiumiza nchi hii kwa miaka minne. Mwongozaji anayelifanya jambo hilo kuwa kichekesho anawanyima wageni ukweli, na anajinyima mwenyewe heshima ya kazi yake.

Nirudi kwa yule kijana wa tope. Tulipokuwa tumekaa kivulini nikawaeleza vitu ambavyo Waingereza waliviacha: bunduki 455, bunduki za rashasha 16, na risasi 600,000. Vijana wakapiga makofi, kama kwamba ushindi ule ulikuwa wao. Yeye akauliza, "Mzee, vitu vyote hivyo alivibeba nani?"

Tukachukua karatasi. Risasi moja ni gramu 25 hivi. Risasi 600,000 ni tani 15, bila kuhesabu masanduku. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27. Gawanya, utapata watu zaidi ya 500, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Wakitembea nafasi ya hatua mbili tatu kati ya mtu na mtu, ni msafara wa kilomita moja kwa risasi peke yake. Na bado hujahesabu wanaobeba unga wa kuwalisha hao wabeba risasi, na wanaobeba unga wa kuwalisha hao wabeba unga.

Hilo ndilo swali ambalo nataka kila ziara ya Ras Kasone iishie kwalo. Silaha zilizoachwa pale zilimpa Lettow-Vorbeck nguvu ya kuendelea kupigana, na vita hivyo havikwisha hapa mpaka alipozisalimisha silaha zake Abercorn, mji tunaouita Mbala leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani kutangazwa Ulaya. Kwa muda wote huo farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, barabara za magari zilikuwa chache, na kichwa cha mtu ndicho kilichokuwa gari. Wapagazi waliotumiwa na Waingereza, toka mwanzo hadi mwisho, wanakadiriwa kufika milioni 1. Waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wako wanahistoria wanaosema ni zaidi ya 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na unga wa mahindi ambao matumbo yao hayakuuzoea na ambao hawakupata kuni wala nafasi ya kuupika ukaiva. Ugogoni majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na watu, kisha ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya.

Alama ya wapagazi hao iko wapi? Iko midomoni mwetu, nasi hatuisikii. Kariakoo ya Dar es Salaam ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kwa matamshi yetu. Na Kariokor ya Nairobi ni hiyo hiyo. Watu wanakwenda kununua viatu na vitenge juu ya jina la waliotembea pekupeku. Ipo pia sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, na zipo za Nairobi na Mombasa. Ni sanamu nzuri, nami sizidharau. Maandishi yake yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, hata kwa herufi za Kiarabu. Lakini jina la mtu hata mmoja halimo.

Sasa nendeni makaburini. Pale mtalikuta kaburi la Tom von Prince, kapteni wa jeshi la Kijerumani aliyeuawa tarehe 4 Novemba. Wazee walimwita Bwana Sakarani. Msipite haraka, maana mtu huyu alikuwa miongoni mwa maofisa wa jeshi lililobomoa ngome ya Mkwawa wa Wahehe pale Kalenga mwaka 1894. Kama kuna mtoto wa Iringa katika msafara wenu, ana haki ya kuambiwa hapo hapo amesimama mbele ya nani. Najua wako watakaosema kaburi kama hilo lisitunzwe. Mimi sikubaliani nao. Likifutika, mtoto huyo atakosa mahali pa kusimama akauliza. Lakini litunzwe pamoja na maneno ya kweli, na waliozikwa karibu naye wakiwa askari wasitajwe kwa jumla kama kundi, na wala wasipambwe. Askari wa Mjerumani walikuwa mashujaa vitani. Wengi wa wenzao pia walichoma vijiji wakati wa Maji Maji. Yote mawili yasemwe.

Wako wengine wanaoniambia, "Mzee, vile vilikuwa vita vya Wazungu, vyatuhusu nini?" Jibu langu ni fupi. Aliyepiga alikuwa Mnyamwezi, Msukuma, Mmanyema. Aliyepigwa alitoka Rajputana na Kashmir. Aliyebeba alitoka kila kijiji. Wazungu walikuwa wachache mno kuvidai vita vile kuwa vyao. Na hapa pwani hatukuwa watu wasiojua kukumbuka. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi wa vita vya kabla ya hivi, vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima, wakati makovu yangali mabichi. Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, alikuwa mtoto wa miaka mitano mizinga ya Fox iliponguruma karibu na kwao. Kumbukumbu ilikuwa kazi yetu kabla halmashauri yoyote haijajenga mnara.

Aliyekwenda Normandy atakuambia kwamba safari za nusu siku kama hii huondoka Bayeux kila asubuhi. Katika makaburi ya Wamarekani pale Colleville-sur-Mer kuna mawe meupe zaidi ya 9,000, na karibu kila jiwe lina jina. Mjukuu anatoka mbali, anaulizia, anapelekwa hadi kwenye jiwe lake. Hawakupata hayo kwa bahati. Waliamua kwamba kila mtu ataandikwa. Kwetu iliamuliwa kinyume: maofisa wa miaka ya 1920 waliona makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi porini. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri na kuomba radhi mwaka 2021, ikasema watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Januari 2025, Cape Town ilifunguliwa kumbukumbu ya wenzao wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliotumikia bila bunduki, kila mmoja na nguzo yake ya mti yenye jina. Kwa hiyo inawezekana. Tusiambiwe haiwezekani.

Basi nawausia walimu: msingoje basi la shule lipatikane, nendeni kwa miguu na daladala. Madiwani, wekeni kibao Ras Kasone kilichoandikwa Kiswahili kwanza, nacho kitaje wapagazi. Nanyi vijana mnaoongoza wageni, someni tarehe zenu vizuri, na kabla ya kusoma nendeni mkawaulize wazee wa Muheza, Handeni na Lushoto. Watoto wa wapagazi wamekwisha kufa karibu wote. Waliobaki ni wajukuu, nao wana mvi.

Mimi mwenyewe hubeba daftari la kawaida la shule, lenye mistari. Kila ninayekwenda naye Ras Kasone, tukifika handaki la reli humwuliza kama kwao yuko aliyechukuliwa kubeba. Wengi hutikisa kichwa. Siku ile ya vijana wa shule alikuwapo dereva wa basi, mtu mzima wa Handeni, ambaye asubuhi nzima alikuwa amekaa pembeni na redio yake. Nilipouliza alikuja, akachukua kalamu, akaandika jina la babu yake kwa herufi kubwa, na mbele yake akaandika, "sanduku la risasi". Akanirudishia daftari. Tulipokuwa tunapanda basi akaliomba tena, akauliza kama anaweza kuandika na la kaka yake babu, ambaye walichukuliwa siku moja na yeye hakurudi. Akaandika jina. Kwenye nafasi ya mzigo hakuandika kitu, kwa sababu hakuna aliyebaki kuwaambia alibebeshwa nini.