Kwarara Aitwe kwa Jina Lake

Naomba nimtetee ndege mmoja.

Kila alfajiri, kabla ya kengele, hupita juu ya mabweni ndege watatu au wanne wenye midomo mirefu iliyopinda kama mundu, wakipiga kelele za kumwamsha hata mvivu wa kidato cha kwanza. Wengi wetu huwaita korongo, lakini korongo ni ndege mwingine kabisa. Katika ubao wa chama cha elimu ya viumbe ameandikwa "ibis", basi. Kwa Kiswahili ndege huyu ni kwarara.

Labda mtu atauliza, jina lina faida gani? Mwezi uliopita wavulana wawili walimpiga mmoja kwa manati, akavunjika bawa. Walipoulizwa walijibu, "Ni ndege wa kelele tu." Wote wawili ni Waganda, na katika Luganda ndege huyo ni mpabaana, yaani "nipe watoto", kwani ndivyo kilio chake kisikikavyo. Nani atampiga jiwe mwenye kuomba watoto? Wazungu nao walimwita hadada kwa sababu ya kilio hicho hicho.

Wako wanaodhani "ibis" ni neno la Kizungu. Sivyo. Latoka Misri ya kale, likapitia kwa Wagiriki. Kule ndugu yake, kwarara mweupe mwenye kichwa cheusi, aliheshimiwa mno, na Thoth, mungu wao wa maandishi na hesabu, alichorwa na kichwa chake. (Sisi wa kidato cha sita twamhitaji sana mwaka huu.) Waarabu humwita abu minjal, baba wa mundu.

Nakiri kwamba heshima ile haikumfaa sana ndege mwenyewe. Wamisri walimuua na kumkausha awe sadaka, na makaburi ya Saqqara yana kwarara wasiohesabika. Katika karne ya 19 alitoweka Misri. Lakini wetu yupo bado, adukua uwanja wa mpira akila funza na wadudu, wala hamdhuru mtu.

Rangi nyeupe kidogo imebaki tangu tulipopaka milango. Mwalimu wetu akikubali, Jumamosi nitaandika upya ule ubao: KWARARA, na chini yake MPABAANA. Atakayenishikia ngazi na aje baada ya chai.