Mkokoteni Nao Uhesabiwe

Makala nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zilianza na swali ambalo limenichosha: wamachinga wapelekwe wapi ili Kariakoo, hapa Dar es Salaam, ipitike? Swali hili limekwisha kujibiwa mara nyingi. Lilijibiwa kwa jengo la ghorofa pale Karume, Machinga Complex ya mwaka 2010, ambalo kwa miaka lilibaki na vizimba vitupu kwa sababu mteja hapandi ngazi kwenda kutafuta soksi. Likajibiwa kwa vitambulisho vya shilingi 20,000 kuanzia mwishoni mwa 2018, kisha kwa operesheni ya Oktoba 2021 iliyoondoa vibanda kandokando ya barabara mji mzima. Leo meza zimerudi, na mwenda kwa miguu bado anapita katikati ya magari. Ndiyo maana niliwaomba waandishi waanzie kwingine, wakague kila kitu kinachokaa juu ya barabara tangu asubuhi hadi jioni.

Waanze na gari lililoegeshwa. Gari dogo moja hutengewa nafasi ya mita 2.5 kwa 5 hivi. Mwenye fremu analileta saa mbili asubuhi na kuliondoa saa kumi na moja jioni, na muda wote huo mita za mraba kumi na mbili na nusu za barabara ya umma zinakuwa stoo yake ya chuma, mahali ambapo wafanyabiashara wenzake wanagombania kila hatua ya sakafu. Ng'ambo yake kenta inashusha marobota. Katikati unabaki upenyo mmoja, na humo ndimo wanamobanana mama mwenye mtoto mgongoni, bodaboda, bajaji, guta na mkokoteni. Meza ya machinga ikiondolewa, pengo lile halimrudii mwenda kwa miguu. Linajazwa na gari jingine. Nashangaa kuona tunamfukuza mwenye meza ya mita moja huku mwenye gari hatumuulizi hata anaondoka saa ngapi.

Hapo ndipo nilipotaka mjadala wa baiskeli ufike. Tumeuzoea kama mjadala wa watu wa mazoezi, wanaotaka njia ya kupita Jumamosi asubuhi. UWABA, Umma wa Wapanda Baiskeli, wamekuwa wakikumbusha kwa miaka kwamba mpanda baiskeli wa Dar es Salaam yuko kazini: ni muuza madafu, ni mwenye tenga la kuku, ni kijana anayetoka Feri na samaki alfajiri. Nakubaliana nao, na naongeza msukuma mkokoteni na mwendesha guta. Hawa ndio wanaoisogeza Kariakoo. Robota likishuka kwenye fuso halifiki dukani kwa fuso. Linamalizia safari kwa jasho la mtu.

Utazame mkokoteni ukivuka Mtaa wa Msimbazi. Mmoja yuko mbele ameshika mikono ya chuma, wawili wako nyuma vichwa vimeinama, mzigo umewapita kimo na hawaoni kinachokuja. Wanapiga kelele, "Mzigo! Mzigo!", maana breki hawana. Wakifika ukingoni wanakuta jiwe la barabara limeinuka, basi inabidi wote watatu walinyanyue gurudumu kwa mkono huku pikipiki zinapiga honi nyuma yao. Palipo na mtaro usio na mfuniko wanakata kona kuingia kwenye njia ya magari, na wakigongwa husemwa kwamba mkokoteni uliingia barabarani. Michoro ya barabara ninayoonyeshwa ina alama ya gari, ya basi na siku hizi ya baiskeli. Ya mkokoteni bado sijaiona. Kisichohesabiwa hakijengewi njia, hata kama ni mteremko mdogo wa zege wa kupandia ukingo.

Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulistahili sifa zake, nasema bila kusita. Awamu ya kwanza, kama kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kazi Mei 2016, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Barabara ya Morogoro ilipata hata njia za baiskeli, ingawa pikipiki na meza zimezigeuza kuwa zao. Lakini abiria wa basi anageuka mwenda kwa miguu pale anapotia mguu nje ya kituo. Mtu aliyetoka Kimara kwa raha anashuka kituo cha Msimbazi, na mita mia tatu za kufika dukani ndizo zinazomtisha. Kituo kiko chini ya DART, wakala wa mwendokasi, mtaa chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kizimba chini ya Halmashauri ya Jiji, leseni ya daladala iko LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na filimbi anayo trafiki. Hizo mita mia tatu hazina mwenyewe.

Makala ya usalama barabarani karibu na shule isomwe na kila diwani. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliopata tuzo ya WRI Ross Center mwaka 2019, ulitumia matuta, njia za miguu, vizuizi na wakati mwingine kuhamisha geti la shule tu, na watoto wanaoumia wakapungua. Mwandishi wa Jangwani anaeleza vizuri jinsi mafuriko ya Mto Msimbazi yalivyoisimamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi. Makala inayotaka bodaboda zifukuzwe kabisa katikati ya mji nimeichapa ingawa siiungi mkono, kwa sababu sijaona inamwambia abiria wake apande nini.

Pendekezo langu mwenyewe ni hili. Mitaa inayolizunguka soko, kama Kongo, Mkunguni, Tandamti na Swahili, isiegeshwe magari wala isishushwe mizigo ya malori kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mizigo ishushwe usiku, maana biashara ya saa 24 imeshazinduliwa na taa zipo. Meza zipangwe kwa mstari uliochorwa, na kati ya mistari ibaki njia pana ya miguu, guta na mikokoteni. Gharama ipo: mwenye duka atalipa makuli na mlinzi wa usiku, na makuli hao lazima wapate usafiri wa kurudi Mbagala au Gongo la Mboto saa tisa za usiku, jambo ambalo LATRA na DART wanapaswa kulipangia ratiba kabla ya bango la kwanza kusimikwa.

Wapo watakaosema mitaa isifungwe kwa sababu ya magari ya zimamoto. Nimelifikiria sana hilo tangu soko lilipoungua Julai 2021, na zaidi tangu ghorofa lilipoporomoka hapo hapo Kariakoo Novemba 2024. Gari la zimamoto linahitaji upana wa barabara. Meza hubebwa na watu wawili kwa dakika moja. Fuso lenye marobota nusu, dereva wake akiwa amekwenda kula, halibebwi na mtu.