Damar Alikufa Vema, Lakini Hakuungama

Tamthilia ya Marekani ya kubuni ya kisayansi, Star Trek: Deep Space Nine, ilifikia tamati mwaka 1999. Hata leo waliotazama hubishana kuhusu mwisho wa mhusika wake mdogo, Damar. Wengi hunung'unika kwamba alidhulumiwa. Sisi twasema hapana. Kasoro ipo, lakini sipo wanapoitafuta.

Tukumbushane kisa. Damar, askari wa Cardassia, alimpiga risasi binti aitwaye Ziyal mbele ya baba yake, kwa kuwa aliwasaidia maadui zao kutoroka. Baadaye akafanywa mtawala wa Cardassia, lakini mtawala wa jina tu, chini ya dola ya kigeni ya Dominion, akizamisha aibu yake katika ulevi. Mwishowe akaamka, akawaita watu wake kuasi. Mabwana zake wakamwua mke wake na mwanawe. Katika kipindi cha mwisho aliwaongoza wenzake kuvamia makao makuu ya adui, akapigwa na kufa hapo hapo, bila hotuba. Vita viliisha siku ile ile, naye hakuviona vikiisha.

Wanaolalamika husema: baada ya kugeuka namna ile, alistahili kuishi na kuiongoza nchi yake huru. Ndugu zetu, tangu lini toba ikawa ngazi ya kupandia cheo? Musa aliiona nchi ya ahadi kutoka mlimani, asiikanyage. Anayegeuka ili alipwe hajageuka. Amebadilisha biashara tu. Damar alipanda, wengine wakavuna, na huo ndio uzuri wa mwisho wake. Kumpa kiti cha enzi juu ya maiti milioni 800 za watu wake kungekuwa dhihaka.

Kasoro ni nyingine. Alipopata habari za msiba wake, Damar aliuliza kwa uchungu ni watu wa namna gani wanaoamuru wasio na hatia wauawe. Kira, mwanamke wa Bajor, taifa ambalo Cardassia ililikalia kimabavu na kulitesa miaka mingi, alimrudishia swali lile lile. Hapo twamwona Nathani mbele ya mfalme Daudi. Lakini Daudi alifungua kinywa papo hapo, akakiri dhambi yake. Damar alinyamaza, akaondoka. Ni kweli, tangu hapo matendo yake yalibadilika, hata akamwua rafiki yake wa zamani aliyetaka kumwua Kira. Hata hivyo, Kira huyo alimpenda Ziyal kama mdogo wake. Walikula njama pamoja, wakajificha pamoja, lakini hatukuoneshwa Damar akimwomba msamaha kwa damu ya binti yule. Aliwalilia wa kwake. Aliyemwua yeye hakumlilia.

Mama Kanisa anatufundisha kwamba mwenye kutubu ana mambo matatu: majuto, maungamo na malipizi. Damar alijuta, na malipizi aliyatoa kwa uhai wake. Lile la katikati waandishi walilisahau, au waliona ushujaa unalifidia. Haulifidii! Laiti wangempa dakika moja tu ya kulitamka jina la Ziyal, tusingekuwa na neno.

Nasi je? Tunao wangapi parokiani waliowakosea ndugu zao, kisha wakachangia ujenzi wa kanisa, wakaongoza jumuiya, wakalisha yatima, ila kwa yule waliyemkosea hawajafika? Matendo hayo ni mema, wala hatuyadharau. Lakini mjane aliyenyang'anywa shamba haponywi na bati jipya la kanisa. Zakayo hakuishia kuwagawia maskini nusu ya mali yake. Aliahidi pia kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Tusingoje siku ya vita vyetu vya mwisho, maana risasi haitoi nafasi ya hotuba. Kiti cha maungamo kipo, na mlango wa jirani uko karibu. Tuanze na jina tunaloogopa kulitamka.