Simba Hachumi Kahawa
Juzi, sokoni Mugumu, nilimkuta kijana anayesomea usanifu wa michoro ameinamia simu, akikusanya picha za vifungashio vya Japani na Italia. Kazi yake ya chuo ni pakiti ya kahawa ya arabika ya Tarime. Rasimu ilikuwa na simba, mgunga na jua linalozama. Nikamuuliza, huyu simba anachuma au anakoboa? Akacheka. Juu ya kichwa chake zilining'inia kanga, na mimi, niliyetumwa na mke wangu kununua doti, nikamwonyesha: pindo linazunguka pande zote nne, mji unakaa katikati, jina, yaani usemi wake, liko chini, fupi, linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Wauza kanga Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, walioanza biashara 1887, wakaongeza kwenye kanga zao alama 'Mali ya Abdulla', na wateja wakaijua bidhaa yao. Mwenye macho haambiwi tazama. Mwenye simu huambiwa mara mbili. Tunawafundisha vijana kuazima kabla hawajafungua kabati la mama zao, kisha tunashangaa pakiti zetu hazina kwao. Kijana akapiga picha pindo, halafu akaniuliza alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nayo ikae wapi.