Koko wa ndani ya beseni

Wiki jana niliahidi kuandika juu ya buleti za watoto. Hiyo itangoja, kwani nyumbani tuna mgonjwa, na tangu Jumapili sina mawazo mengine. Mgonjwa mwenyewe ni chura.

Msicheke kwanza. Wanaofika kwangu hapa Kadutu wanalijua lile beseni la bluu chini ya dirisha la jikoni, lenye kufunikwa na wavu. Ndani yake anaishi chura jike, mwaka wa 12 sasa. Nilimpata nilipokuwa nasomea ualimu wa biolojia. Walituletea vyura wa kupasua, umeme ukakatika, kipindi kikaahirishwa, na mmoja akabaki ndani ya ndoo. Nilimbeba kwa siku mbili tu, nikisema nitamrudisha. Watoto wangu wote wamezaliwa wakamkuta. Ndio waliomwita Koko, na mama mkwe wangu, ambaye ndiye koko wa kweli wa nyumba hii, hakufurahi hata kidogo. Jirani mmoja naye alisema kwamba mwenye kufuga chura ana mambo yake ya usiku. Nilimwita aje atazame. Aliona chura anakula sambaza, akaenda zake.

Huyu si chura wa kwenye nyasi. Anaishi ndani ya maji, hana ulimi, chakula anakisukuma mdomoni kwa mikono, na miguu ya nyuma ina kucha nyeusi. Wataalamu wanaita jamii yake Xenopus, na kuna aina moja inayobeba jina la Kivu yetu. Wenye kutunzwa vizuri wanapita miaka 15. Na sisi wanawake tuna deni kwa ndugu zao wa Afrika Kusini. Kuanzia miaka ya 1930, mwanamke alipotaka kujua kama ana mimba, mahospitali ya nje yalichukua mkojo wake na kumchoma chura jike sindano chini ya ngozi. Kama mimba ipo, chura alitaga mayai kabla ya siku kuisha. Kazi hiyo waliifanya mpaka miaka ya 1960. Nikiwaeleza wanafunzi wangu wasichana, darasa lote linanyamaza.

Basi Koko amezeeka. Tangu mwaka jana hawahi tena chakula, mnyoo unaweza kumpita mbele ya pua. Lakini ugonjwa wa sasa nimeuleta mimi. Maji yalikosa siku nne, na Jumamosi usiku robine ikaanza kutoka. Kwa furaha nilijaza mabido yote, nikamwaga maji machafu ya beseni, nikatia mapya palepale. Maji ya robine yana dawa ya klorini. Sisi tunakunywa bila shida, lakini chura anakunywa kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake inapita humo humo. Maji hayo yanapaswa kukaa wazi siku nzima kwanza. Somo hilo nalifundisha kila mwaka! Asubuhi nilimkuta amejikunja pembeni, mapaja mekundu, ngozi inatoka vipande vipande.

Munganga wa mifugo amezoea mbuzi na kuku, lakini hakunicheka. Alisema ngozi ikiumia, vijidudu vya majini vinaingia, na wekundu unaweza kuwa mwanzo wa hayo. Alinikataza kutia kidonge chochote cha watu ndani ya beseni. Kwa hiyo ninachofanya ni maji tu. Bido moja inalala wazi huku nyingine inatumika. Nimepunguza kina, kwani chura huyu anapanda juu kuvuta hewa, na mzee asiye na nguvu anachoka kuogelea. Nimemsogeza mbali na jua na mbali na jiko. Chakula ni mnyoo, au uzi mwembamba wa maini, au sambaza mbichi isiyoguswa na chumvi, na kinachobaki ninakitoa kabla hakijaoza. Beseni haliguswi na sabuni. Mikono yetu ndiyo inapata sabuni baada ya kumshika, kwa sababu chura anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na watoto wanasahau.

Jumatatu jioni mama mkwe alinitazama nikipima maji. Miguu yake imevimba tangu mvua zianze, hatoki sana kitandani.

“Mwalimu,” aliniambia, “maji ya chura inalala siku moja ili isimuumize. Ya kwangu ya kuoga inafika baridi.”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa namwachia mtoto mkubwa kazi hiyo, na mtoto alikuwa anakimbilia mpira. Siku hizi makaa yanawaka mapema, maji yake nayapeleka mimi mwenyewe, na Jumanne aliomba kiti chake kiwekwe karibu na dirisha la jikoni. Mchana sisi wote tuko masomoni, yeye ndiye anabaki. Nikirudi ananipa habari: amepanda juu mara ngapi, amegeuka upande gani. Bado anamwita “ile kitu yako”.

Kijana wangu wa miaka 9 anataka tumrudishe ziwani apone. Nimekataa, naye amenuna. Chura aliyelishwa mkononi miaka 12 hawezi kujitafutia, tena akiwa na ugonjwa wa ngozi anaweza kuwaambukiza wengine. Kuna kuvu ya ngozi iliyomaliza vyura katika nchi nyingi. Halafu akaniuliza kama ni kweli nilimleta ili nimpasue. Nikamwambia ni kweli.

Jambo moja sijamwambia. Munganga amesema tumbo likianza kuvimba na akaelea bila kuweza kujigeuza, nimpeleke, asiteseke. Kila asubuhi natazama tumbo kabla ya kuwasha moto.

Jana amekula kipande kimoja cha maini, kidogo kama ukucha wangu. Mama mkwe ndiye aliyekishika. Leo hajala, lakini wekundu wa paja la kushoto umepungua, na bido ya kesho iko wazi mlangoni tangu saa kumi na mbili.